Jina la makala na jina la tovuti, lipi linaandikwa kwa mlazo (italiki, herufi zilizoinama)?

binti_tasnifu:
Wakuu habarini, naombeni msaada jamani. Msimamizi wangu kanirudishia propozo mara ya pili, safari hii hajagusa hata hoja, kaandika tu pembeni ya marejeleo kwa wino mwekundu "mlazo hauna mpangilio, rekebisha kote". Chuoni tunatumia APA toleo la 7, ule mtindo wa kuandika marejeleo. Mimi nimelaza kila jina, la makala nimelaza, la gazeti nimelaza, la tovuti nimelaza, nikajua ndo usahihi. Nina makala za Mwananchi mtandaoni, za BBC Swahili, moja ya jarida liitwalo Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na kurasa mbili za tovuti ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa). Kipi kinalala kipi hakilali? Na herufi kubwa ni kila neno au la kwanza tu? Natakiwa kurudisha Jumatatu.

KalamuNyeusi:
Pole dada. Ukilaza vyote ni kama hujalaza kitu. Jiulize hiki nilichosoma kimo ndani ya kitu kikubwa chenye jina lake au kinajitegemea. Makala ya jarida imo ndani ya jarida, so jarida ndo linalala, makala inabaki wima na kwenye orodha haiwekewi hata alama za mtajo. Namba ya juzuu inalala pamoja na jarida ila namba ya toleo iliyo kwenye mabano hailali, hapo ndo wengi tunakamatwa. Huku siwezi kulaza, basi nikizungushia mikwaju ujue ni mlazo:

Mwandishi. (Mwaka). Jina la makala. /Kiswahili/, /juzuu/(toleo), kurasa.

Gazeti ni hivyohivyo, makala wima, /Mwananchi/ inalala, hata kama umeisoma kwenye simu.

Sasa BBC Swahili ndo inayochanganya watu, maana APA wanatenganisha tovuti ya gazeti na tovuti ya habari isiyo na gazeti nyuma yake. BBC hawana gazeti, kwa hiyo makala yao inahesabika ukurasa wa wavuti na mambo yanageuka, jina la makala ndo linalala na jina la tovuti linabaki wima. Nilivyoona mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji, nikaenda maktaba kukifungua kitabu chenyewe nikakuta kweli. BAKITA wanafuata njia hiyo ya BBC, jina la ukurasa linalala, na kwa kuwa mwandishi ni wao wenyewe usiwataje tena kama jina la tovuti, nenda moja kwa moja kwenye linki.

pwani_moja:
Kuhusu herufi kubwa, APA kwenye orodha wanataka neno la kwanza la jina la makala, neno la kwanza baada ya nukta mbili, na majina ya pekee kama Zanzibar au Kiswahili, basi. Jina la jarida lenyewe linabaki na herufi zake kubwa kama lilivyochapwa. Halafu chunga usinakili kwa rafiki wa chuo kingine, mimi niko Mombasa na idara yetu inatumia MLA, mtindo mwingine wa marejeleo, huko makala inaingia ndani ya alama za mtajo na tovuti inalala, iwe ya gazeti au si ya gazeti. Ukichanganya hizo mbili lazima urudishiwe kazi. Na kama unatumia Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo, angalia umehifadhi kama nini, ukiisajili makala ya gazeti kama ukurasa wa wavuti programu italaza upande usio wake na wewe hutajua.

mzee_wa_maktaba:
Mwanangu, kwa Kiswahili hili jambo ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu magazeti na majarida yetu yana majina ambayo ni maneno ya kila siku. Ukiandika "kwa mujibu wa Mwananchi" bila kulaza, msomaji anaweza kudhani umehoji raia mmoja. Ukiandika "makala yake katika Kiswahili" hatujui ni jarida au ni lugha aliyoandikia. Nipashe, Uhuru, Raia Mwema, yote ni hivyo. Wakati wa taipureta tulikuwa tunapigia mstari chini ya jina, na hata leo ukijibu mtihani kwa kalamu piga mstari, maana yake ni ileile. Ndani ya matini, kama makala haina mwandishi, taja jina lake badala ya mwandishi, lile ambalo kwenye orodha liko wima liwekee alama za mtajo, lile lililolala lilaze na huku pia.

binti_tasnifu:
Asanteni sana wakuu, shikamoo mzee. Nimekaa nayo tangu saa mbili usiku, magazeti na jarida nimemaliza, BBC nimegeuza. Ukurasa mmoja wa BAKITA sijaona tarehe popote, nimeandika "bila tarehe" kwenye mabano pale pa mwaka, ni sawa?

KalamuNyeusi:
Ni sawa kabisa. Usiweke mwaka ulioufungua wewe, huo si mwaka wake.