Ukili wa marehemu bibi haujaisha: nijifunze niumalizie, au niuache ulivyo?

Mjukuu wa Rufiji

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, hasa kwa mnaojua kusuka.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana huko Rufiji. Siku ya kugawana vitu vyake wenzangu walichukua vyombo na kanga, mimi nikaomba furushi lililokuwa darini. Ndani nilikuta ukili wa ukindu, yaani utepe uliosukwa kwa majani ya mkindu, unaoshonwa ukawa mkeka. Umeviringishwa kama gurudumu, mweupe na mwekundu wa damu ya mzee, upana wake vidole vitatu. Nimeupima, ni pima kumi na saba, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mwisho wake umefungwa kwa kipande cha kanga usifumuke, na chane, vile vipande vyembamba vya majani, zimebaki zinaning'inia, nyingine bado zimejikunja vile vile zilivyotoka vidoleni mwake. Kando yake kulikuwa na fungu la ukindu ambao haujatiwa rangi, na shazia, sindano ya kushonea mikeka, iliyoshika kutu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, kazi yangu ni hesabu, nipo Dar es Salaam. Jioni nikirudi nyumbani nautoa ule ukili nautazama. Natamani sana kujifunza, si kwa biashara, nataka tu mikono yangu ijue alichokijua bibi. Lakini sijui pa kuanzia. Ukindu wa muda mrefu hivi bado unasukika? Nani atakubali kunifundisha? Halafu mjomba ameniambia kusuka ukili ni kazi ya wanawake. Ni mkubwa wangu, nataka kumjibu bila kumvunjia heshima.

Bi Mkubwa wa Wete

Pole kwa msiba, mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako.

Ukili wake usiuguse kwanza. Uweke mahali pakavu, panya wasiufikie, nawe uanze na miyaa, majani mengine ya kusukia. Ukindu ni mwembamba na mwororo, mkono usiozoea huukata. Miyaa ni mipana, unaiona vizuri inavyopita juu na chini. Waulize wauza mikeka hapo sokoni, wengi ni wasusi wenyewe au wana ndugu wasusi, watakuuzia fungu.

Chana kwa ukucha au kwa sindano, na hakikisha chane zina upana mmoja. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wanakimbilia kusuka, kumbe chane moja nene na nyingine nyembamba, ukili unakwenda upande kama nyoka. Siku tatu za mwanzo chana tu.

Kisha anza na chane nne. Usiongeze mpaka uweze kusuka huku unazungumza na mtu bila kuangalia chini. Chane ikikaribia kwisha, laza mpya juu yake, suka nazo zote mbili mizunguko michache, kisha iache ile ya zamani. Vincha vinavyotokeza utavikata mwishoni.

Kuhusu ukindu wa zamani: chukua chane moja uikunje. Ikivunjika kwa mlio, ni kavu tu, bado haijaharibika. Lowesha kitambaa, kikamue, fungia ukindu humo usiku mmoja. Usiulaze ndani ya ndoo ya maji, utaota ukungu. Na usisuke jua la saa saba. Sisi husuka asubuhi au baada ya alasiri, hewa ikiwa na unyevu kidogo.

Mvuvi Kilindoni

Kaka, hilo la mjomba nalijua. Mimi ni mvuvi, nasuka madema, mitego ya samaki, tangu nikiwa na miaka 12, nilifundishwa na baba. Dema ni ususi. Unachana mianzi, unapitisha fito juu na chini mpaka yanatoka matundu ya pembe sita, na ukikosea moja samaki anatoka. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kazi ya kike. Mueleze mjomba kwa upole kwamba mkono wa kusuka ni mmoja, tofauti ni kifaa tu. Au umwombe akuoneshe anavyosuka yeye dema au uzio wa kutegea samaki kama ni mtu wa mtoni. Mzee akiombwa kufundisha hulainika.

Baraza ya Lamu

Naunga mkono. Hapa kwetu Lamu utawakuta wanaume wamekaa barazani wanadarizi kofia, tundu moja moja kwa sindano, kofia moja miezi. Na kofia hiyo huvaliwa Idi kwa fahari.

Mzanzibari Maskati

Huku Omani wanasuka majani ya mtende. Ni utepe mrefu vile vile unaoshonwa ukawa mkeka au kikapu, wanauita safifa. Nizwa nimewaona wazee wa kiume wakisuka. Nilisimama pale muda mrefu, nikamkumbuka mama yangu uani Unguja.

Fundi Jamvi Tanga

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Ukili hushonwa kwa kuzungusha, mstari ubavuni mwa mstari. Vidole vitatu tufanye sentimita 5.5. Mkeka wa kulalia wa mita 2 kwa mita 1.2 unataka mistari kama 22, yaani mita 44 hivi. Pima kumi na saba ni kama mita 31. Zimebaki mita 13. Msala wa kuswalia haufiki hata mita 20 kwa upana huo. Kwa hiyo bibi alikuwa ameshaupita msala, alikuwa anasuka mkeka mkubwa. Ulizeni nyumbani ulikuwa wa nani. Kwa pwani yetu mkeka husukwa kwa ajili ya arusi, ya mgeni, na mazishi pia. Ukijua ulikuwa wa nini, hilo la kumalizia au kuacha litajijibu.

Kumbuka pia kwamba pima ni mikono ya mtu. Yeye alipima kwa mikono yake, wewe kwa yako.

Mama Kijacho

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Nisingeumalizia. Mama yangu aliacha kawa nusu, nikaliendeleza mimi kabla mkono haujakomaa, na sasa kila nikifunika chakula naona pale mkono wake ulipoishia na wangu ulipoanzia. Inaniuma. Suka wako mwenyewe toka mwanzo, wa bibi uache na kile kitambaa chake.

Bi Mkubwa wa Wete

Mama Kijacho, hilo neno lako la "kabla mkono haujakomaa" ndilo lenyewe. Asuke kwanza pima ishirini za miyaa. Zile alizoacha bibi hazendi popote.

Mjukuu wa Rufiji

Nawashukuru wote. Zimepita wiki tano, narudi na taarifa.

Nilimpata mama mmoja muuza mikeka sokoni, akanikubalia Jumamosi mchana. Hakunipa ukili siku ya kwanza, alinipa kuchana, kama alivyosema Bi Mkubwa. Vidole vilitoka malengelenge. Sasa nimefikisha pima tatu za miyaa, chane nne, na nusu ya mwisho inanyooka.

Baada ya kujua kusuka kidogo niliufungua tena ukili wa bibi. Kwenye pima ya tisa nimeona chane nyekundu imekwenda mahali pa nyeupe, mara mbili, kisha mpango ukarudi. Awali nisingepaona. Nilikaa na pale mahali usiku mzima.

Mjomba nilimwomba anifundishe kusuka uzio. Alinyamaza, kisha akaniambia nije msimu wa samaki.

Mama naye kasema mkeka ulikuwa wa arusi yangu. Bibi hakuwahi kuniambia. Kwa hiyo nitaumalizia, ila mkono ukishakomaa. Mama anasema ile damu ya mzee si rangi ya dukani, bibi alichemsha magome ya mkaka, aina ya mkoko. Nikitaka kuifikia rangi hiyo nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Wete

Hongera mwanangu, na Mungu akupe mke mwema.

Mikoko ni hifadhi, usiende kubandua magome bila kibali. Waulize wajenzi wa majahazi na wauza boriti, magome yanayobanduka kwenye magogo yao mara nyingi hutupwa. Yapondeponde, yachemshe mpaka maji yawe mazito, ndipo uuzamishe ukindu wote, uugeuze geuze. Ukitoka utauona mwekundu mno. Usiogope, anika kivulini, ukikauka hupungua. Jaribu kwanza kwa chane tano, ulaze kando ya wa bibi, mchana, dirishani. Ikiwa hafifu, rudisha sufuriani.

Tuma picha.