"Inasemekana" imekuwa kichaka cha waandishi wavivu, nimechoka!

Wakuu, leo acheni nitoe la moyoni. Kazi yangu ni kuhariri, na asubuhi nimeletewa makala yenye sentensi hii: "Inasemekana mfanyabiashara huyo ana tabia ya kuwadhulumu wafanyakazi wake." Nikampigia mwandishi, nani kasema? Jibu lake: "Bosi, si ndiyo maana nimeweka inasemekana?"

Yaani kwa akili yake neno moja limeshamtua mzigo. Wapi! Kwenye sheria za kashfa zenye asili ya Uingereza, anayerudia uzushi anawajibika kama aliyeuzua, hata akiutanguliza na "nasikia".

Na haya maneno hayalingani, jamani. "Inadaiwa" angalau ina nafasi ya mtu: inadaiwa na polisi, inadaiwa na majirani. Msomaji akiuliza nani, unajua pa kumweka. Sasa jaribu kusema "inasemekana na jirani" uone ulimi unavyogoma. Msemaji kafutwa humo humo ndani ya kitenzi. Kwa ngano za kale au asili ya jina la mlima, sawa, hakuna anayeumia. Kwa mtu aliye hai mwenye jina lake na watoto wake, huo ni umbea uliopigwa pasi.

Halafu hao hao, penye uhakika ndipo wanapoingiwa na woga. Nimewahi kusahihisha "marehemu anayedaiwa kufariki". Watu wameshazika, wewe bado unadai! Mtu katiwa hatiani na mahakama, wanaandika "anadaiwa kuiba". Mwingine kaachiwa huru, bado ni "mtuhumiwa" hadi aya ya mwisho.

Ila "eti" ndiyo inanipandisha presha. "Eti siku hiyo alikuwa amelazwa." Hapo mwandishi hajaonyesha shaka, kashamcheka mtu na kumhukumu kwa herufi tatu. Kama humwamini, si uulize hospitali?

Ukiwabana wanakuja na "lisemwalo lipo". Lipo wapi? Mara nyingi lipo kwenye simu ya mwandishi, katumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu.

Makala nimemrudishia. Amlete mfanyakazi mmoja aliyezungumza naye, au karatasi moja, la sivyo sentensi inatoka. Tangu saa nne asubuhi hajapokea simu yangu.