Wakuu, hii michezo ya kuigiza kwa maandishi mtu anaanzaje?

mgeni_wa_dom

Wakuu heshima kwenu. Kuna kitu nakifuatilia kimya kimya mtandaoni kama mwezi sasa, watu wanacheza gemu kwa kuandika tu. Yaani hakuna picha hakuna sauti, mmoja anaandika mhusika wake kafanya nini, baada ya masaa matano anakuja mwingine anajibu kwa mhusika wake, halafu yupo msimamizi anayeeleza pale mahali pakoje na maadui wanafanya nini, na hadithi inakwenda hivyo hivyo miezi. Wenyewe wanaita plei-bai-posti.

Kuandika napenda toka shule ila hii sijawahi. Nilifungua faili la sheria zao nikakuta kurasa mamia, nikafunga. Sasa naomba kujua, lazima niijue Dungeons & Dragons (D&D), hilo gemu lenye hizo sheria, yote ndo nianze? Kiingereza changu ni cha kuombea maji, si nitachekwa? Na simu ndo hii hii, bando la kuungaunga. Halafu juzi nilijilipua nikaomba nafasi kwenye mchezo mmoja, nikaandika historia ya mhusika wangu kurasa tatu nzima, mfalme aliyepokonywa kiti, upanga wa moto, baba kauawa, kila kitu kipo. Mpaka leo kimya. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Pale

Ngoja waje wajuzi, mi nimekaa pale 🪑

KalamuYaUsiku

Karibu mkuu. Mi nipo humo mwaka wa sita huu na nilianza na simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo la simu lisikuumize kichwa. Maandishi hayali bando kama video, na uzuri wake hakuna anayekusubiri mwende pamoja dakika hiyo hiyo. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa New York, yeye akikaa kuandika saa mbili usiku kwake, huku ni saa tisa usiku, nimelala fofofo. Naamka nakuta kaandika, najibu kwenye daladala, jioni naona wengine wamesema nini. Umeme ukikatika umekatika, hadithi ipo palepale. Gemu la sauti kwa maisha yetu haya lingenishinda wiki ya kwanza.

Kuhusu D&D, hapana, huhitaji yote. Lile limetoka 1974 na limeongezewa mavitu mpaka wenyewe wanachanganyikiwa. Kiini chake ni kwamba unarusha dadu la pande 20, unajumlisha namba iliyopo kwenye karatasi ya mhusika wako, ukifikisha namba aliyoiweka msimamizi umefaulu. Mengine unajifunza ukiwa ndani. Na usinunue kitu, sheria zao za msingi tangu Januari 2023 zipo chini ya leseni huria ya Creative Commons, unapakua bure na kihalali kabisa, wala huna haja ya kuiba.

Sasa hizo kurasa tatu. Mkuu nicheke kidogo 😂 wote tumeandika huyo mfalme. Shida si uandishi, shida ni kwamba hadithi yake imeshaisha. Baba kauawa, kiti kimepokonywa, upanga anao, sasa sisi wengine wanne tunakuja kufanya nini zaidi ya kumbebea mizigo? Msimamizi anasoma maombi kumi na kitu kwa ajili ya viti vinne au vitano, anachotafuta ni mtu atakayecheza na wenzie na ambaye mwezi wa tatu bado yupo. Mimi ningeandika aya mbili tu, huyu mtu ni nani, anataka nini leo hii, anaogopa nini, na udhaifu gani ambao wengine wanaweza kuugusa. Kisha mstari mmoja wa ukweli kwamba naweza kuandika mara nne kwa wiki, Jumapili sipo. Huo mstari una uzito kuliko upanga wa moto, maana ugonjwa mkubwa wa michezo hii ni watu kuingia mitini. Wiki mbili za kwanza moto, watu wanaandika mara tatu kwa siku, wiki ya tano kimya, msimamizi mwenyewe haonekani. Nimeanza michezo mingi tu, iliyofika mwisho ni miwili. Kwa hiyo usije ukalia mchezo wako wa kwanza ukifa.

Na ukibanwa sema. "Jamani nina mitihani, nitarudi tarehe fulani, mhusika wangu mchukulieni kuwa anaumwa." Hakuna atakayekasirika.

Fundi_Dadu

Naheshimu aliyesema hapo juu ila kumwanzishia mgeni na D&D kwa maandishi ni kumtesa. Hebu piga hesabu ya vita. Wachezaji watano na msimamizi, kila mtu anasubiri zamu yake na kila mtu anajibu mara moja kwa siku. Raundi moja ni siku sita. Pambano la raundi nne, ambalo mezani mngemaliza kabla chai haijapoa, hapa ni siku 24. Mwezi mzima mnampiga jambazi mmoja wa njiani! Wasimamizi wenye akili wanaachia wachezaji waandike kwa mpangilio wowote, anayewahi anawahi, halafu wao wanajibu kwa maadui wote kwa mkupuo. Kabla hujajiunga uliza hilo swali, ukijibiwa kwamba zamu ni moja moja kimbia.

Mimi mgeni namwanzishia na mifumo ya dadu mbili za kawaida, zile zile za ludo. Unarusha zote unajumlisha. 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 mpaka 9 umefanikiwa ila kuna gharama, 6 kushuka chini mambo yanaharibika na msimamizi anaamua vipi. Njia za dadu mbili kuangukia ni 36, na bila nyongeza yoyote 6 tu ndo ushindi safi, 15 za katikati, 15 za kuharibika. Ukiwa na nyongeza ya moja inakuwa 10, 16 na 10. Utamu upo katikati hapo, na kwenye maandishi ndo pazuri zaidi maana kila dadu inazaa jambo jipya la kuandika. Kwenye D&D ukikosa umekosa, umesubiri siku sita uje uandike "nimekosa".

Dadu urushie sehemu inayoacha kumbukumbu kila mtu aone, ukiwa Discord, ule mtandao wa kuchati, kuna roboti za kazi hiyo, na RPoL, tovuti ya michezo hii hii ya maandishi, nao wana mtambo wao humo humo. Usije na "nimerusha nyumbani nimepata 12 wallahi".

KalamuYaUsiku

Fundi hapo kwenye vita nakubali mia. Ila D&D ndo ina michezo mingi inayotafuta watu, mgeni atapata nafasi wapi kirahisi? Tuendelee kubishana tu lakini huo ni ukweli.

Fundi_Dadu

Si aanzishe na marafiki zake wawili kwa Kiswahili. Nani kasema lazima aende kwa wageni?

bintimvita

Huyo Fundi kanitoa neno mdomoni. Kaka yangu wa Dodoma, la Kiingereza usijitie unyonge, lakini kwa nini uanze na lugha ya kukopa? Sisi kujibizana kwa kuandikiana hatukuletewa na intaneti. Mombasa huku washairi wakirushiana mashairi tangu enzi za Muyaka bin Haji, mmoja asema, mwenziwe ayachukua maneno yale yale amrudishia. Na lilipokuja gazeti la Mambo Leo kule Tanganyika mwaka wa 1923, mtu aliandika shairi lake akangoja toleo jingine aone nani kamjibu. Kungoja ndiyo raha yenyewe. Anayetaka kujibiwa papo hapo hajaonja.

Sasa nikwambie kosa ambalo hawa wanaume wawili wameliruka kwa sababu wameshughulika na hesabu. Kila unapoandika, muwachie mwenzio pa kushika. Nasimamia mchezo mdogo wa jahazi, lapakia boriti za mikoko Lamu lende Maskati kwa upepo wa kusi, na mabaharia wote wana siri. Siku ya kwanza mtu akaniandikia hivi: "Naingia, nampiga nahodha anaanguka, nachukua ufunguo." Haya, kamchezea mwenziwe mtu wake, kamuangusha na ufunguo kampa, tumebakiwa na nini? Andika unachojaribu, yule mwingine ndiye aseme kama kaanguka. Mwingine akaniandikia "Ninatabasamu." Mwisho. Tabasamu lako nilifanye nini mimi?

Huyu ndiye aliyenifurahisha:

*Sudi anashuka ngamani, chini kabisa ya jahazi, na kata mkononi kufua maji. Chini ya boriti ya mwisho anaona fundo la kitambaa chekundu ambalo jana halikuwepo. Halifungui. Anapaza sauti juu: "Serehangi! Mzigo huu kaupakia nani?"*

Mistari minne. Serehangi, mkuu wa mabaharia, lazima ajibu, aliyeficha fundo jasho lamtoka, na mimi msimamizi sijui ndani mna nini mpaka tuamue. Ukipima urefu, mistari minne mpaka kumi yatosha kabisa, kwenye simu zaidi ya hapo watu waruka.

Jingine, unalolijua wewe siyo analolijua mtu wako. Utasoma mwenzio kaficha kisu, mhusika wako hakuwepo, basi hajui. Ugumu wake utauona. Na maneno ya pembeni, "samahani nachelewa", "hapa nimerusha dadu", yaweke uzi wa pembeni au kwenye mabano, yasiingie kwenye hadithi. Kabla hamjaanza pia semezaneni mambo gani hayatoingia kabisa, kila mtu ana lake asilotaka kulisoma, mimi kwangu mateso ya watoto hayaingii na sielezi kwa nini. Namba ya simu na mahali unapoishi usimpe mtu humo hata akiwa mcheshi vipi.

mgeni_wa_dom

Dada umenifungua kichwa, na wakuu nyote asanteni. Kumbe yule mfalme alikuwa amejifungia mwenyewe chumbani 😅. Nimekaa nikawaza jahazi linahitaji nani, nikapata mpishi. Hebu nisahihisheni, hii ndo ya kwanza maishani:

*Chande anaacha kukoroga wali. Swali la Sudi amelisikia, na jibu analo, kwa sababu juzi usiku yeye ndiye aliyeshika taa. Anafunika chungu polepole. "Labda panya," anasema, hamtazami mtu. Anajaribu kuificha sauti isitetemeke.*

Nimemaliza hapo kwa sababu sijui kama wameamini. Ndo inavyotakiwa?

bintimvita

Ndivyo! Mistari mitano na tayari una deni. Umesema "anajaribu" nami nimefurahi. Rusha dadu mbili, kwa uongo mpishi hana nyongeza.

mgeni_wa_dom

Roboti imenipa 3 na 5. Nane.

bintimvita

Nane, basi umefaulu na gharama yako ipo.

*Serehangi anacheka, "Panya wa Lamu wanajua kufunga mafundo siku hizi," anarudi kwenye kamba zake. Kaamini, au amechoka kuuliza. Lakini kule ngamani sauti ya maji kufuliwa imekoma. Kata imewekwa chini.*

Sasa zamu ya Sudi, ila aliyekuwa akimcheza kaniaga jana, kapata kazi ya zamu za usiku.

Mzee_wa_Pale

Dada samahani, huyo Sudi nipeni mimi.

*Sudi anapanda ngazi taratibu, fundo jekundu kalificha kwapani, anakwenda kusimama karibu kabisa na jiko. "Chande," anasema kwa sauti ya chini, "hebu nionjeshe huo wali."*

Dadu narushia wapi?