Tupeane uzoefu: tuliochora miji midogo ya Tanga kwenye mchezo wa malori

Mwana wa Ngamiani: Wadau, jana nilipakua ramani ya Tanzania ya Euro Truck Simulator 2, nikaendesha kutoka Tanga hadi Segera bila kukutana na mji hata mmoja. Muheza haipo, Hale haipo. Imeniuma. Mliowahi kukaa na kihariri cha ramani, ile programu ya kuchorea ramani za mchezo, miji hii mliibanaje pasipo kuiua?

Mkonge Halisi: Kinachoiua ni kipimo. Ramani ya mchezo huo imefinywa kwa 1:19, hivyo kilomita 70 hivi za Tanga–Segera hubaki chini ya 4, na kwa mwendo wa 80 unazimaliza kabla ya dakika 3. Saa ya mchezo nayo hukimbia, ndiyo maana safari huhesabika kuwa ndefu, lakini macho hayaoni urefu huo. Mimi niliiondoa Hale ili Muheza ipumue.

Binti Bonde: Kuiondoa Hale ni dhuluma, kaka. Pale pana kituo cha kufua umeme wa mto Pangani, na dereva yeyote wa njia ile anapajua.

Utingo wa Segera: Mmenikumbusha machungu. Niliijenga Segera usiku baada ya usiku, kwa kuwa nimekulia pale na sikutaka iwe makutano matupu yaliyochukuliwa kwenye makutano ya tayari ya mchezo. Niliweka basi lililosimama, na chini ya madirisha yake wachuuzi walioinua machungwa ndani ya nyavu, kila mmoja mkono wake ukiwa kwenye kimo tofauti, maana hakuna wawili wanaoinua sawa. Nyuma yao nikapanda mashamba ya mkonge, mistari ikinyooka hadi kuelekea Korogwe. Kihariri kilikuwa katikati ya kuhifadhi umeme ulipokatika. Nilipowasha tena, eneo lote la Segera lilikuwa limeharibika: barabara ya Chalinze inafika, inakatika hewani, na upande wa pili inaanza ile ya Tanga. Nilikaa nikiitazama ile nafasi mpaka adhana ya alfajiri.

Mwana wa Ngamiani: Pole sana, ndugu yangu.

Binti Bonde: Pole. Nunua UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kitu kingine chochote.

Mkonge Halisi: UPS ni gharama. Nakili folda ya ramani kwenye flashi kila unapomaliza makutano, inatosha.

Mzee wa Reli: Mnazungumzia barabara tu. Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapita Muheza na Korogwe, na Muheza isiyo na reli siitambui.

Mkonge Halisi: Mzee wangu, shikamoo. Mchezo ni wa malori, na nafasi ni hiyo hiyo finyu.

Mzee wa Reli: Marahaba. Lori nalo husimama kwenye tuta la reli, mwanangu. Weka hata kivuko kimoja.

Binti Bonde: Namuunga mkono Mzee. Utingo, Segera umeirudia?

Utingo wa Segera: Nairudia, na safari hii nimeanza na wachuuzi, barabara itawafuata. Mkonge Halisi, kama shina la mkonge uliliunda mwenyewe kwa Blender, ile programu ya kuunda maumbo ya 3D, naomba unitumie faili lake pamoja na mlingoti wa maua.