Naombeni ushauri: chuo cha dini kinanihoji ninaishi na nani

Binti wa Chuno:
Habari zenu wanajukwaa. Nipo Mtwara mjini, mhasibu msaidizi katika chuo cha kanisa, mwaka wa nne sasa. Hesabu zangu hazijawahi kupata hoja ya ukaguzi hata moja.

Naishi na mwenzangu miaka mitatu. Yeye Mwislamu, yuko bandarini, mimi Mkatoliki. Mjomba ameshapokea nusu ya mahari, iliyobaki inasubiri minada ya korosho. Tumekwama kwenye ndoa ifungwe wapi.

Wiki iliyopita mfanyakazi mwenzangu alipita nyumbani akaona kanzu imeanikwa kambani. Jumatatu nikaitwa. Swali la kwanza: "Ile kanzu ya nani?" Machozi yalinitoka mbele ya watu watatu. Nimepewa siku saba: nihame, nifunge ndoa, au niandike mwenyewe barua ya kuacha kazi.

Ni kweli mwongozo wa maadili nilisaini siku ninaajiriwa. Lakini nyumba nalipa kodi mwenyewe. Mwajiri ana haki ya kufika mpaka kwenye kamba yangu ya nguo?

Mzee wa Mikindani:
Pole mwanangu. Nimefundisha shule za misheni miaka mingi. Mzazi wa Newala anamleta binti yake pale kwa ajili ya malezi, hilo lazima tulikubali. Ungekuwa matroni wa bweni au mwalimu wa dini, ningesema wana haki ya kukuuliza. Mhasibu apimwe kwa hesabu zake. Na kuchunguliana nguo kambani, hiyo dini sijafundishwa mimi.

Mtetezi Kusini:
Dada, barua USIANDIKE. Ukiiandika, kesho watasema uliondoka kwa hiari yako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa dini na wa hali ya ndoa. Watajitetea kwamba ni sharti la msingi la kazi. Waulize: kufunga hesabu za mwezi kunahitaji cheti cha ndoa? Wakiitisha kikao cha nidhamu, upewe angalau saa 48 za kujiandaa, na uingie na mfanyakazi mwenzako. Wakikuachisha, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wanapoteza haki yao kwa kuzunguka kuomba msamaha mpaka siku zinaisha.

Mama Wawili, Lindi:
Mdogo wangu, mimi na baba watoto tulifunga bomani, kila mtu na dini yake mpaka leo. Tangazo tu ni siku 21, kwa hiyo hizo siku saba zao hazitoshi hata mkitaka. Ila msiifunge kwa kukimbizwa.

Binti wa Chuno:
Shikamoo mzee. Asanteni wote. Barua siandiki, kesho naomba tuhuma zangu kwa maandishi. Asubuhi mwenzangu ameniuliza kama kanzu aianike ndani. Nimemwambia kambani, palepale.