Uzito wa jumla haujazidi, ekseli za trela zimezidi: nifanyeje?

Mwenye lori, Miritini

Salaam aleikum, wanajukwaa. Nina lori moja la trela lenye ekseli (mihimili ya magurudumu) sita, na jana lilizuiwa kwenye mizani likiwa na kontena la futi 20 la vigae linalokwenda Kampala. Tiketi ya mizani ninayo mbele yangu: ekseli ya usukani kilo 6,500, ekseli mbili za nyuma za kichwa (gari linalovuta trela) kilo 14,900, ekseli tatu za trela kilo 25,600. Jumla ni kilo 47,000, chini ya tani 50 zinazoruhusiwa, ndiyo maana dereva aliondoka bandarini Mombasa akiwa na hakika kwamba hana kosa. Kontena lilikuja limeshatiwa lakiri (muhuri wa mlangoni), nami sina ruhusa ya kulifungua. Karo ya watoto ilikuwa itoke katika safari hii. Je, nimdai wakala aliyenipa mzigo, au niache safari ndefu, mizigo iende kwa reli?

Mchukuzi wa Jomvu

Pole sana, ndugu yangu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari hutazama jumla, na pia hutazama kila kundi la ekseli peke yake. Ekseli tatu za trela zenye magurudumu pacha mwisho wake ni tani 24, kwa hiyo umezidi kwa kilo 1,600. Usione ni uonevu: wahandisi hukadiria kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, lami huumia karibu mara 16.

Lakini lakiri haiguswi hata kidogo. Ekseli za kichwa zinaruhusiwa tani 18, nawe umetumia kilo 14,900 tu, nafasi unayo. Ikiwa trela yako ni ya futi 40 na ina kufuli za kushikia kontena katikati, kontena linyanyuliwe kwa winchi, lisogezwe mbele, kisha lipimwe upya.

Mzee wa kliaringi

Bila mkataba wa maandishi, kumdai wakala ni kazi nzito, kwa kuwa sheria humshika mwenye lori kwanza. Tangu Julai 2016 kontena haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa, lakini hati ya uzito huo hutaja jumla tu, haisemi mzigo umelalia upande gani. Safari ijayo andikianeni kwamba gharama ya mzigo uliopangwa vibaya ndani ya kontena itakuwa juu ya mwenye mzigo. Kuhusu reli, fikiri vizuri: SGR, reli ya kisasa, inaishia Naivasha, na kontena likishushwa huko juu ya lori, linakutana tena na mizani barabarani.

Mwenye lori, Miritini

Nawashukuru kwa dhati. Trela ni ya futi 40 na kufuli za katikati zipo. Dereva amenitumia picha, na kweli kontena limekaa mkiani kabisa. Kabla sijaagiza winchi, nani anajua mahali hapa Changamwe panapopima kila kundi la ekseli, nipime kabla lori halijashika njia safari nyingine?

Mchukuzi wa Jomvu

Nitafute faraghani, nitakuelekeza. Nenda na tiketi ya jana.