Kufuli la picha za noti kwenye kompyuta linamlinda nani?

Wadau, salaam. Mimi ni mtu wa dizaini na uchapaji, ofisi yangu iko karibu na Stendi Ndogo hapa Arusha. Nina hoja nataka tuijadili, na nawaomba hasa watu wa steshenari, wenye maduka na wote wanaoshika fedha taslimu kutwa nzima waseme.

Hivi karibuni mwenye duka la kubadilishia fedha za kigeni aliniagiza chati ya ukutani. Ana vijana wapya kaunta, alitaka wajue kuikagua dola 100 bila kumwita yeye kila dakika. Akanipa noti yake, akasimama pembeni nikiiskani. Mishale tulikuwa tumeshaipanga: mmoja uelekee kwenye utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, ule ulioanza na noti zilizotoka Oktoba 2013, mwingine kwenye ile namba 100 ya pembeni chini, ambayo ukiiinamisha noti inatoka rangi ya shaba inakuwa kijani, wa tatu kwenye kivuli cha sura kinachojitokeza ukiinua noti kwenye mwanga. Nikafungua faili kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha. Likaja boksi: programu hii haihariri picha za noti, nenda tovuti fulani ukasome masharti. Basi. Hakuna mahali pa kujieleza kwamba unatengeneza somo la kuitambua noti bandia.

Masharti niliyasoma. Wamarekani wanaruhusu kuchapa picha ya dola kwa rangi, ilimradi iwe ya upande mmoja, kipimo chake kiwe chini ya robo tatu ya noti halisi au kizidi mara moja na nusu, na faili uliyotumia uifute kazi ikiisha. Noti ya dola ina urefu wa karibu sentimita 15.6. Ya kwangu ilikuwa itandazwe sentimita 50 kwenye karatasi ya A2. Noti ya nusu mita haiwezi kumdanganya mtu, hata gizani. Sheria ya wenye dola ilikuwa inaniruhusu. Programu niliyoilipia ndiyo iliyokataa.

Kufuli hili si la jana. Benki kuu za nchi kadhaa ziliunda kundi la kupambana na noti bandia, likatengeneza kipande cha programu kinachoitambua picha ya noti, likakigawa kwa kampuni za programu na za mashine. Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, walikiweka kwenye toleo la Photoshop CS, lililotoka mwaka 2003, bila kuwatangazia wateja. Watumiaji waligundua wenyewe kazi zilipowagomea, na mwanzoni mwa 2004 ndipo kampuni ikakiri. Namna kinavyofanya kazi ikawa siri.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Mhalifu hashindwi na boksi lile. Zipo programu za bure, GIMP ikiwemo, ambazo hazina kufuli hilo, na mwenye nia mbaya hahitaji kuambiwa mara mbili. Anayebaki mlangoni ni mwalimu, mwandishi wa habari, mtu wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, anayetaka kuwafundisha wanachama wake. Chati ile niliimaliza kwa penseli: nilichora umbo la noti, nikachora utepe, nikaandika kwa herufi kubwa pale rangi inapogeuka. Vijana wa kaunta wakaitazama, mmoja akaniuliza, "Kaka, sasa hiyo shaba yenyewe inafananaje?" Sikuwa na cha kumwonyesha ukutani.

Ninasema kufuli hilo litoke kwenye meza ya kuhariri, libaki kwenye mashine ya kutolea nakala. Mnasemaje?

Muuza ndizi, Soko la Kilombero

Mwanangu, nimesomewa maneno yako na mjukuu wangu, na mimi nakupinga. Wewe umekosa picha. Mimi nilikosa shilingi elfu kumi.

Ilikuwa jioni, umeme umekatika, tunauza kwa tochi za simu. Kijana akachukua ndizi za shilingi elfu tatu, akanipa noti ya elfu kumi, nikamrudishia elfu saba. Mkono wangu ulikuwa na maji, nilikuwa nimetoka kuosha karoti. Nilipokuja kuhesabu nikakuta vidole vyangu vina rangi, na yule tembo amechujuka mguu mmoja. Karatasi ilikuwa laini kama ya kalenda. Huyo hakuitoa kichwani kwake, aliitoa kwenye mashine kama hizo zenu. Elfu saba imekwenda, ndizi zimekwenda, na faida ya siku nzima haikufika huko. Kama kompyuta inaweza kukataa, ikatae kila kitu chenye sura ya hela. Nyinyi wenye ofisi mtatafuta njia nyingine ya kufundisha.

Fundi wa mashine za fotokopi, Moshi

Mama pole sana, na ninakubaliana nawe nusu. Kaka wa dizaini naye yuko sahihi, ila hajaeleza mashine zinavyofanya kazi, na jibu liko humo.

Chukueni noti ya dola 20 ya muundo ulioanza kutoka mwaka 2003, muigeuze nyuma. Mtaona vijinamba 20 vidogo vya njano vimetawanyika kama vimemwagwa. Havikumwagwa ovyo. Zile sifuri zimepangwa tano tano kwa umbali maalumu, na mashine ya fotokopi ya rangi ikiuona mpangilio huo inagoma kutoa nakala. Kwenye pauni 20 ya Uingereza iliyokuwa na sura ya Elgar, mtunzi wa muziki, walivificha viduara hivyo kama vichwa vya nota za muziki. Mtu wa Cambridge anayeitwa Markus Kuhn ndiye aliyeubaini mpangilio huo mwaka 2002, alipokuwa akijaribu mashine mpya ya fotokopi. Kile kilichomo ndani ya Photoshop ni kitu kingine, hakitegemei viduara hivyo.

Mimi nimefungua mashine nyingi mjini hapa na huko Himo, na nawaambia hapo ndipo kizuizi kinafanya kazi ya maana, kwa sababu noti bandia haina madhara mpaka iwe karatasi. Picha kwenye kioo haimnunulii mtu ndizi. Kwa hiyo mama, unachokitaka ni printa ikatae. Kompyuta ya huyu kaka ikiifungua picha, wewe huibiwi kitu.

Ila hata kwenye printa tuwe macho. Printa nyingi za leza za rangi zinaweka vidoti vidogo vya njano kwenye kila ukurasa, havionekani kwa macho ya kawaida, vinabeba namba ya mashine, na nyingine zinaweka hadi tarehe na saa. Mwaka 2005 watetezi wa haki za mtandaoni wa Marekani, EFF, walizisoma alama za mashine mojawapo wakazianika hadharani. Zinaweza kumkamatisha anayetengeneza noti bandia, sawa. Lakini zinawekwa pia kwenye barua ya mfanyakazi anayefichua wizi ofisini kwake. Hili linanisumbua kuliko kufuli la Photoshop.

Mwalimu wa biashara, Sakina

Naongeza moja tu. Kughushi noti ni kosa zito katika Kanuni ya Adhabu yetu, na noti ni mali ya Benki Kuu kuilinda, sina ubishi. Lakini kufuli hili halikupita Dodoma. Benki kuu za nje zilikubaliana na kampuni za nje, nasi tukalikuta ndani ya programu. Leo ni noti, na wengi tutaunga mkono kwa sababu hakuna anayependa noti bandia. Kesho ikiwa ni picha nyingine, tutaulizwa na nani?

Na tusisahau kwamba serikali ikitaka tujue kitu tunajua. Noti za zamani zilipokuwa zinakusanywa, Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, tangazo lilifika hadi vijiweni. Elimu ya kutambua noti bandia nayo ifike hivyo hivyo.

Mwenye mada

Shikamoo mama. Pole kwa hasara. Nimeirudia habari yako ya vidole kuingia rangi, na nakiri niliandika kama vile anayeumia ni mimi peke yangu. Sitasema tena kwamba kizuizi hakina kazi.

Msimamo wangu kuhusu programu haujabadilika, na fundi amenisaidia kuusema vizuri zaidi: kizuizi kikae pale picha inapogeuka karatasi. Lakini nakubali pia kuna njia ya katikati ambayo sikuitaja. Benki Kuu ina tawi hapa Arusha. Inaweza kutoa picha zake yenyewe za noti zote, kuanzia Nyerere wa elfu moja hadi tembo wa elfu kumi, kubwa kuliko noti halisi, zikiwa na neno SAMPULI katikati, na ruhusa ya wazi kwa shule, vikundi na watu wa uchapaji kuzitumia. Mtu wa dizaini akiwa na picha halali hana sababu ya kuskani noti ya mteja. Naandaa barua ya kuwaomba hivyo. Wenzangu wa uchapaji wanaotaka kuweka sahihi wapite ofisini wiki hii. Mwalimu, naomba uisome kwanza kabla haijaondoka.

Mama, Jumamosi nitakuja Kilombero na chati ya mchoro wangu wa penseli, safari hii ya shilingi: kivuli cha Mwalimu Nyerere mahali pake, uzi mahali pake, na sehemu ambazo wino umeinuka, kidole kinazihisi hata umeme ukikatika. Rangi yenyewe utaiona kwenye noti yako ya halali uliyoishika mkononi. Wenye meza za jirani waambie waje na noti zao.

Fundi, hayo ya vidoti vya njano naomba uyafungulie mjadala wake. Nina printa mbili za rangi na sikuwahi kuwaza kwamba zinaandika kitu nisichokiona.